Nakshi za chokaa: kabla fundi hajashika nyundo

SWALI: Mzee wangu, nyumba ya marehemu bibi yetu iko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Juu ya mlango wa ukumbi kuna ukanda wa maua ya chokaa, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ubavuni. Masika yaliyopita kipande kilianguka. Kaka ameshamwita fundi abandue yote apige saruji. Nataka angalau niyaandike yaliyopo. Nianzie wapi?
Mjukuu, Malindi

JIBU: Mwanangu, kwanza mwombe kaka yako avute subira. Pili, usianze mchana. Ngoja usiku, zima taa, ilaze kurunzi ubavuni mwa ukuta mwanga uparaze nakshi. Kila mchoro utatoa kivuli chake. Niliwahi kuandika maua manane kwenye kidaka kimoja. Usiku nikamulika, nikakuta la tisa, limezama chini ya chokaa iliyopakwa miaka nenda miaka rudi. Lako ukilikuta usilikwangue! Makali ya kisu cha fundi wa kwanza yamehifadhika humo chini.

Picha zipige ukiukabili ukuta, rula ionekane ndani. Kisha chora kwa mkono, hata kama huna kipaji. Kamera haiulizi kama jani limekatwa hivyo au limevunjika. Mkono utakulazimisha uulize. Ua moja lipime sawasawa, mengine onyesha yanavyojirudia na yalipokatika. Namba zikae karatasini, si ukutani.

Halafu gonga polepole kwa kifundo cha kidole. Penye mlio wa debe tupu, lipu imeachana na jiwe. Pazungushie kwenye mchoro, wala usibandike hapo karatasi ya kunakilia, utaing'oa.

Saruji sitaki hata kuisikia. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa: zinanyonya maji na kuyatoa. Zikifunikwa kwa saruji, unyevu hutafuta pa kutokea, na chumvi yake huzisukuma nakshi mpaka zidondoke. Kaangalie upande wa nje wa ukuta huo. Nashuku mtu ameshaupiga saruji, au mfereji wa paa umeziba. Na kabla ya kazi yoyote, kaka apite Mamlaka ya Mji Mkongwe, inayosimamia hifadhi ya majengo ya kale.

Ukitaka kuzoesha jicho, nenda hamamu ya Kidichi huko Unguja, bafu la kale la mwaka 1850, uone ndege na maua ya Kiajemi.

Kile kipande kilichoanguka kiko wapi? Kama kimetupwa jaani, kakitafute leo. Penye mvunjiko utazihesabu tabaka zote bila kugusa ukuta.