Maswali ya Wasomaji: SPSS inanimalizia muda kwa vitu vidogo vidogo

SWALI

Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili hapa Moshi, na tasnifu yangu inahusu wakulima wa kahawa wa Kibosho na Uru. Madodoso yote nimeshayaingiza kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Kinachonichosha ni vitu vidogo vidogo. Kila kigeu kipya (safu ya majibu ya swali moja) kinakuja na .00 nyuma. Nikitaka kuchagua vigeu, naona maswali marefu yaliyokatwa katikati badala ya majina mafupi niliyoyapa. Kila jedwali nalipamba upya kabla ya kulipeleka kwa msimamizi. Jioni inafika sijaandika hata ukurasa. Mwenzangu ananiambia nihamie R. Nihame?

N., Soweto, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Usihame kwa sababu hiyo. R ni programu nzuri na ni ya bure, lakini ukiihamia katikati ya tasnifu utakuwa unajifunza lugha mpya huku msimamizi anasubiri sura ya nne. Yote uliyoyataja yanarekebishika humo humo kwenye SPSS, na ukishayarekebisha yanakaa.

Fungua menyu ya Edit, shuka hadi chini kabisa, bonyeza Options. Kwenye ukurasa wa General, penye Variable Lists, chagua Display names, kisha File, ili vigeu vifuatane kama vilivyo kwenye data yako. Hapo hapo weka tiki kwenye No scientific notation for small numbers in tables, usije ukapeleka jedwali lenye 3.2E-005 (yaani 0.000032) ukaanza kuulizwa hiyo E ni nini.

Desimali ziko ukurasa wa Data. Weka 0 penye Decimal Places. Mpangilio huo unagusa vigeu vipya tu. Vya zamani vibadilishe kwa amri moja kwenye dirisha la sintaksi (pa kuandikia amri), kwa mfano FORMATS umri watoto (F8.0). Hapa naomba uende polepole, maana bila shaka una swali la ukubwa wa shamba. Vihamba vya Kibosho na Uru vingi ni vidogo. Mkulima mwenye eka 0.4, ukiondoa desimali, ataonekana ana eka 0, na mwenye 0.75 ataonekana ana 1. Namba halisi bado imehifadhiwa ndani na wastani utatoka sahihi, lakini wewe unayekagua data kwa macho utadhani ni kosa la kuingiza, na unaweza hata kumfuta mtu wa watu. Eka ziache na desimali mbili.

Mpangilio ambao hukuniuliza, na ambao mimi nauthamini kuliko yote, uko ukurasa wa Output. Matoleo ya zamani yanauita Output Labels. Penye sehemu ya majedwali, chagua thamani za vigeu zionyeshwe kwa Values and Labels. Swali la aina ya kahawa, kwa mfano, halitasoma tena N39, KP423, Chotara. Litasoma 1 N39, 2 KP423, 3 Chotara. Ukitaka kuwachambua wenye chotara peke yao, unajua papo hapo kwamba ni 3, hurudi kwenye Variable View kutafuta. Faida kubwa zaidi inakuja pale madodoso yalipoingizwa na watu wawili. Mmoja ameandika Hapana kwa 0, mwingine kwa 2, na mtu akazipa zote mbili lebo ya Hapana. Ukionyesha lebo tupu utaona mistari miwili ya Hapana na hutajua imetoka wapi. Namba zikiwepo, kosa linakutazama usoni. Majedwali ya mwisho, yale ya kwenye tasnifu, yarudishe kwenye lebo peke yake.

Kuhusu kupamba: tengeneza jedwali moja unavyotaka, liwe na mistari na fonti ambayo chuo chako kinataka. Lifungue kwa kubonyeza mara mbili, ingia Format, kisha TableLooks, uhifadhi muonekano huo. Rudi Options, ukurasa wa Pivot Tables, uuchague. Kila jedwali jipya litazaliwa limevaa hivyo.

Umeme nao usiusahau. Kwenye File Locations hakikisha kuna tiki ya kurekodi amri kwenye jarida (faili linalotunza kila amri uliyoendesha), chagua Append ili mpya ziongezwe bila kufuta za zamani, na jarida lenyewe ulielekeze kwenye folda yako. Umeme ukikatika na kompyuta ikazima, amri zako zimo humo. Unazinakili na kuziendesha tena.

Yote haya yanakaa kwenye kompyuta uliyoyaweka. Ukienda maabara ya chuo utakuta kila kitu kimerudi kama kilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo tembea na faili la sintaksi kwenye flashi, na mstari wake wa kwanza uwe huu:

SET TNUMBERS=BOTH SMALL=0 FORMAT=F8.0.

Unaonyesha namba pamoja na lebo, unaondoa zile E, na unaweka desimali 0 kwa vigeu vipya. Uendeshe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Huyo mwenzako wa R naye ana pake pa kuweka mambo haya: faili linaloitwa .Rprofile, ambalo R hulisoma kila inapofunguka. Options(scipen=999), kwa herufi ndogo zote, itamwondolea zile E. Ila mwambie asiweke humo chochote kinachobadilisha namna data inavyosomwa au kukokotolewa. R yenyewe, toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, iliacha kugeuza maandishi kuwa makundi pale mtu anaposoma faili, na programu nyingi za zamani zilizotegemea tabia ile zililazimika kurekebishwa. Mtu akibadilisha tabia kama hiyo kimyakimya kwenye .Rprofile yake, msimamizi akiendesha kazi ile ile kwenye kompyuta yake anaweza kupata matokeo tofauti, na hakuna atakayejua kwa nini. Wa Stata, programu nyingine ya takwimu, vivyo hivyo: muonekano wa grafu uweke wa kudumu, lakini kiwango cha kujiamini (confidence level) cha asilimia 95 usikiguse huko. Ukihitaji 90, kiandike ndani ya amri yenyewe, kila anayesoma akione.

Majedwali yakiwa tayari, mpelekee msimamizi pamoja na hilo faili la sintaksi.