Mdogo wangu, hiyo laini ni ya nani?

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Dada, na mimi nauza dagaa, nifanyeje nipate wateja wa mbali kama wewe?" Najibu hapahapa, maana huulizwa hivyo kila nikiposti magunia yangu yakipakiwa kwenye basi stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza.

Kwanza nikuulize: laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la nani?

Nilipoanza kuuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba kwa status za WhatsApp, sikuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Laini ikasajiliwa kwa vidole vya shemeji yangu, tulikuwa tunaelewana. Wateja wakaja, Dodoma, Mbeya, mama lishe wa Tabora. Mume akaanza kunikopa (hilo tuliache). Siku tulipokosana na shemeji kwa mambo ya shamba, wala si dagaa, akaenda kwa wakala akairudisha laini kwake. Simu yangu ikakata mtandao mchana kweupe, mzigo wa mteja uko juani Igombe. Namba, hela, magrupu ya wateja, vyote kwake. Halafu kwenye grupu la ukoo akaandika kwamba mwanamke anayejianika mtandaoni keshaharibika. Hakuna aliyemjibu. Baadhi yenu mnanisoma hapa, mnajijua.

Nilianza upya, na leo magunia yanayotoka ni mengi kuliko ya wakati ule. Ndiyo, najisifu.

Kwa hiyo mdogo wangu, fuatilia NIDA yako. Kisha piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ya biashara isipokuwemo, hiyo biashara si yako, hata kama unaamka saa kumi alfajiri kuipigania. Kwenye WhatsApp weka namba ya siri ya hatua mbili, wala usimtajie mtu, hata huyo anayekuita mke wangu.

Picha? Piga dagaa wakiwa juu ya kichanja, si mchangani; mteja wa Dodoma anaogopa mchanga kuliko bei. Mbalamwezi ikikaribia, waambie mapema: taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwaka, mitumbwi inalala na bei inapanda. Asiyeambiwa atadhani unamwibia.

Wanawake tunahimizana kuwa na kurasa na wafuasi wengi, laini tunaazima. Acheni. Sajili kwa jina lako, halafu nitumie hiyo namba mpya. Wateja wa Tabora wamenizidi.