Uzalendo haulipi bili

Kusema wanaraga wa Australia wanaokimbilia Ufaransa na Japani hawana uzalendo ni kuwaonea, ndugu yangu. Goti likienda, na mshahara umekwenda. Kwao raga inagombania watazamaji na wadhamini dhidi ya NRL (ligi ya raga ya wachezaji 13) na AFL (ligi ya kandanda ya Kiaustralia), wakati Top 14, ligi kuu ya raga ya Ufaransa, ina matajiri na pesa nono za televisheni.

Mwaka 2015 shirikisho lenyewe la raga la Australia lililegeza kamba: mwenye mechi 60 za taifa na miaka 7 ya utumishi akaruhusiwa kuitwa akiwa nje. Ndivyo Matt Giteau, aliyekuwa Toulon ya Ufaransa, alivyoanza fainali ya Kombe la Dunia mwaka huo (akaumia mapema, masikini). Mwaustralia mwenzake Will Skelton je? Kombe la Mabingwa Ulaya na Saracens ya Uingereza, kisha mara mbili na La Rochelle ya Ufaransa. Angelipata Sydney?