Meno ya farasi wa kale katika Mto Peace: kwa wanaoanza

Mliohamia Florida karibuni na kuanza kuulizia meno ya farasi, tuanze na karatasi. Kuokota visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya wanyama wenye uti wa mgongo kwenye ardhi ya jimbo, pamoja na sakafu ya mto, kunahitaji kibali cha Florida Museum of Natural History kule Gainesville. Ada ni dola 5 kwa mwaka. Meno ya papa hayahitaji kibali, ya farasi yanahitaji. Na ukikuta kichwa cha mshale au chombo chochote kilichotengenezwa na binadamu, kiache palepale.

Msimu ni miezi mikavu, takriban Novemba hadi Mei. Kabla ya kutoka nyumbani, angalia kwenye intaneti vipimo vya kina cha maji vya Zolfo Springs na Arcadia, miji iliyo kando ya mto huu. Maji yakikupita kiuno, rudi. Usiende peke yako, na jua likianza kuzama toka majini, maana aligeta, jamii ya mamba, wapo.

Vifaa ni vichache: beleshi, chekecheo la wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, na kipande cha nondo. Hiyo nondo ndiyo kazi yenyewe. Wengi wanaoanza wanachimba mchanga siku nzima wanarudi mikono mitupu, kwa sababu mchanga mtupu hauna meno. Meno hukaa pamoja na changarawe, kwa kuwa mkondo unaoweza kusukuma mchanga hushindwa kuyabeba. Chomeka nondo chini: ikizama kimya, sogea. Ikikwaruza na kutetemeka mkononi, simama hapo uchimbe. Tazama hasa pale mto unapopinda na nyuma ya magogo yaliyolala. Chimba sakafu tu. Kingo za mto usiziguse, zikibomoka zinaanguka na miti yake.

Sasa jino lenyewe. Magego ya farasi ni marefu, yameumbwa kwa kusaga majani magumu. Mnyama akiwa hai, magego husukumwa nje ya ufizi kidogo kidogo kadiri yanavyolika, kwa hiyo gego refu ni la farasi kijana na fupi ni la mzee. Ya juu yanakaribia kuwa mraba, ya chini ni membamba. Geuza sehemu ya kutafunia ielekee mwanga, uisugue kwa kidole ili tope litoke: utaona mstari wa enameli, lile tabaka gumu la jino, uliojikunja na kupinda kama pindo la kanga lililokunjwa ovyo. Jino la ng'ombe au nyati wa Amerika lina mikunjo yenye umbo la mwezi mchanga, miwili miwili, na mara nyingi kijiti kidogo kati ya sehemu zake mbili. Nalo usilitupe, nyati wa zama za barafu ni kitu kizuri.

Katika gego la juu tafuta kitanzi kidogo cha enameli upande wa ndani, ule wa ulimi. Kikiwa kimeungana na mikunjo mingine, huenda ni Equus, jamii ya farasi wa leo. Kikisimama peke yake kama kisiwa, una hiparioni, farasi wa vidole vitatu aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Jino lililolika sana linaweza kukudanganya hapo. Mto huu huchanganya zama zote kwenye changarawe moja, ndiyo maana naupenda kuliko mto mwingine wowote.

Weusi wa jino peke yake usiuamini kuwa ni dalili ya ukale. Farasi walitoweka Amerika Kaskazini yapata miaka 10,000 iliyopita, kisha Wahispania wakawarudisha. Hernando de Soto aliteremsha farasi Florida mwaka 1539. Tangu hapo pande hizi ni za mifugo, na maji ya rangi ya chai hutia rangi hata jino la juzi. La kale kwa kawaida ni zito. Ukibaki na shaka, gusa mzizi kwa sindano ya moto: harufu ya nywele zilizoungua mara nyingi ina maana ni la karibuni.

Nawasihi jambo moja kwa moyo wote: mkienda likizo nyumbani Afrika Mashariki msiyafanye haya. Hiparioni walikuwepo kwetu pia. Nyayo zao zimo Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kwenye majivu yaleyale ya volkano ya miaka milioni 3.66 yenye nyayo za watu wa kale. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Ukiona kitu, piga picha, usikiguse, waarifu watu wa makumbusho.

Mkishatoka mtoni, msianike meno juani, yanapasuka. Yaacheni kivulini yakauke taratibu kwa siku kadhaa. Kila jino liwe na mfuko wake wenye tarehe na sehemu ya mto ulipolipata, kwa sababu jumba la makumbusho litataka orodha hiyo wakati wa kuhuisha kibali, na kumbukumbu ya kichwani haifiki mwisho wa mwaka.