Kupima upepo Goma: msianze na mrija, anzeni na hewa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye handaki la upepo (njia iliyofungwa ambamo feni hupitisha upepo wa majaribio), kabla hamjawasha feni futeni ile 1.225 kwenye hesabu zenu. Hizo ni kilo za hewa katika mita moja ya ujazo, usawa wa bahari, nyuzijoto 15. Goma tuko karibu mita 1,500 juu. Presha yetu ni kama hektopaskali 850, na hewa ya nyuzi 22 haizidi sana kilo 1. Mkiiacha ile namba ya vitabuni, kasi mtakayoandika itapungua kwa karibu asilimia 10, na hakuna atakayewashtua, maana grafu itatoka nzuri kabisa.

Wala msichukue presha kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Ikiwaandikia 1,015, ujue imeshahesabiwa kana kwamba mko pwani. Tafuteni barometa inayosoma presha ya hapo mlipo.

Sasa mrija wa Pitot, ule unaopima kasi ya upepo kwa tofauti ya presha. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hapa kwetu unatoa tofauti ya paskali 50 kati ya tundu la mbele na yale ya ubavuni: milimita 5 za maji, basi. Kwenye manometa ya wima (kioo chenye maji ambayo kimo chake kinaonyesha presha), jicho likikosea nusu milimita, asilimia 10 ya presha imeshapotea. Ilazeni mpaka kila milimita ya kimo iwe sentimita moja kwenye kipimo. Tone la sabuni ndani ya maji linasaidia yasing'ang'anie kioo.

Kisha mvujo. Pulizeni kidogo, baneni mpira unaounganisha mrija na manometa kwa kibanio cha nguo, mtazame maji. Yakishuka taratibu, mara nyingi kosa liko pale mpira unapovaa mrija. Kateni ile ncha iliyolegea, msizungushie skochi. Na msiushike mpira kiganjani: joto la mkono linatanua hewa iliyofungiwa, maji yanapanda yenyewe mkadhani ni upepo.

Sensa za umeme ziwasheni mapema zipate joto, sifuri (namba wanayoonyesha feni ikiwa imezimwa) iandikwe kabla na baada. Umeme ukikatika katikati, na mnajua unavyokatika, sifuri ya asubuhi haina kazi tena.

Mrija wa matundu 5, unaopima hata mwelekeo wa upepo, una jedwali lake peke yake la kugeuza presha kuwa kasi na mwelekeo, hata pacha wake wa duka moja haliazimi. Uzungusheni kutoka digrii 30 kushoto hadi 30 kulia, kisha mrudi njia ile ile; namba za kurudi zikiachana na za kwenda, mhimili umelegea. Ukianguka sakafuni ncha ikapinda, jedwali linaanza upya.