Mama mkwe hana kosa, labda la asali

*Shangazi, mama mkwe wangu amempa mwanangu viazi vya kuponda na dagaa nikiwa sokoni, tena na mawese! Siku nyingine kamlambisha asali. Mtoto bado mchanga, kazaliwa wiki ya Nane Nane, hata jino hana. Namnyonyesha na kumpa uji wa lishe kwenye chupa, na anaumaliza. Eti mama anasema mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, yaani mtoto haongezeki. Mume yuko upande wake. Nimwondoeje huyu mama bila kuvunja ndoa? Mama Mwenye Uchungu, Ujiji.*

Pole kwa hasira, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo.

Toka Nane Nane hadi hii Machi inayokatika ni miezi saba na nusu. Huyo si mchanga. Alitakiwa kuanza kula alipotimiza miezi sita, Februari. Jino halihusiki, tazama kama shingo imekaza, anakaa akishikiliwa, na ulimi umeacha kusukuma kijiko nje. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua kufikia umri huo, na maziwa yako hayawezi kuifidia. Halafu habari ya kadi umeipenyeza katikati kama kijiwe kwenye wali, ukidhani sitakitafuna.

Tatizo ni huo uji. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji tu: unajaza tumbo dogo, nguvu hakuna, na ziwa analikataa. Chupa nayo ni ngumu kusafisha, kuhara hakukawii. Tumia kikombe na kijiko. Ukiinamisha kijiko, uji mzuri hushuka polepole, haumwagiki.

Alichopika mama ndicho chakula. Dagaa wakavu watoe vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, twanga, chekecha. Kijiko cha chai kimoja cha unga huo kwenye viazi vitamu au ndizi zilizopondwa, na kijiko cha chai cha mawese. Mawese yasiunguzwe mpaka wekundu uondoke, maana vitamini A imo kwenye wekundu huo. Chumvi usitie. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, ukipanda polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Akifika miezi tisa, milo iwe mitatu au minne, na chakula kiwe na vipande laini. Akitema leo, kesho mpe tena. Wengi hukubali baada ya kuonja mara nyingi. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili.

Kwenye asali niko nawe. Hata ile nzuri ya Tabora inaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto, hivyo asionje kabla ya mwaka mmoja. Mwambie mama hilo kwa adabu, na mumeo akiwepo.

Ndoa za siku hizi zina jambo: mkwe akiwa mbali hajali, akija anaingilia. Unakwenda sokoni unamwachia mtoto, halafu unataka akae naye bila kumlisha? Mfukuze, uone nani atakaa naye.

Wiki hii peleka mtoto kliniki apimwe uzito, ueleze na habari ya uji. Nenda na mama mkwe.