Jalada la Babu Lisibanduliwe

SWALI: Maalim, salaam aleikum. Babu mzaa mama ameniachia kitabu cha safari cha Joseph Thomson, Through Masai Land, chapa ya London ya 1885. Jalada lake la kitambaa limepauka, dhahabu ya mgongoni imefifia, na pana madoa meupe kama yaliyolambwa. Fundi mmoja ataka kulibandua atie ngozi nyekundu. Nimkubalie? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Usimkubalie.

Zamani mnunuzi wa Uingereza aliuziwa kitabu kina jalada la karatasi tu, kisha akakipeleka mwenyewe kwa mjalidi kutiwa ngozi. Kuanzia miaka ya 1820 wachapishaji wakaanza kujalidi kwa kitambaa, na kufikia zama za Thomson walikuwa wakishindana kukipiga nakshi na picha za dhahabu. Basi jalada hilo ni la kitabu chenyewe, kama zilivyo picha na ramani zake. Mkusanyaji akikuta ngozi mpya, hata iwe nzuri vipi, bei huiteremsha.

Nayasema haya kwa uchungu. Ujanani nikijalidi misahafu na madaftari ya maduka pale Mji wa Kale, mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kitabu cha safari chenye mtumbwi wa dhahabu juu ya jalada. Alitaka nishone kurasa mbili zilizolegea, basi. Mimi nikaona nimfanyie hisani: nikalitupa jalada kuukuu, nikatia jipya jeusi. Alipokipokea alikigeuza mara tatu, akiutafuta mtumbwi wake. Hakuniambia neno. Akalipa, akatoka.

Madoa yako meupe ni kazi ya mende. Kitambaa cha vitabu hutiwa wanga, na wanga ndio waufuatao. Usiyasugue kwa maji, rangi itatoka. Brashi laini, kavu, yatosha. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake hugeuka manjano ikala karatasi. Tena kitabu kisiegemee ukuta, hasa kuta zetu za mawe ya matumbawe ambazo wakati wa masika hutoa jasho. Wala usikifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukidhani wakihifadhi: unyevu ukinaswa humo, kuvu huota. Kabati ipitayo hewa, kitabu kisimame wima, na ukikitoa ushike ubavuni, usikivute kwa ncha ya mgongo.

Sasa fungua kurasa za mwanzo, pana orodha ya picha. Zihesabu moja moja, maana wauzaji wengine huzikata wakaziuza kwa fremu. Kisha ramani: ikunjue juu ya meza kwa mikono miwili, ufuate mikunjo yake ya asili. Msafara wa Thomson ulitoka hapa hapa Mombasa Machi 1883, kwa hiyo anza kuutafuta pwani kwetu, kidole kisiguse karatasi. Ukiona mkunjo umepasuka, usiubandike chochote. Niletee kama ulivyo.